Mtu Asiyepiga Mluzi

Saa mbili na nusu asubuhi, Inspekta Archibald Leckie alikuwa amebakiwa na saa tano na nusu za kumwokoa mtu asiyetaka kuokolewa.

Mtu mwenyewe alikaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, katika seli ya kituo cha polisi cha Helensburgh, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Aliitwa Joseph Flett. Kabla ya vita alikuwa mvuvi wa Findochty, kijiji cha pwani, kaskazini huko. Sasa alikuwa baharia wa boila, tanuri la kuchemshia maji ya mvuke. Saa nane mchana treni ingemchukua kwenda Rosyth mbele ya mahakama ya kijeshi, na kila askari pale kituoni alijua kwamba mahakama ile, tena mwaka wa nne wa vita, haina simile. Akitiwa hatiani, ni kitanzi.

Shtaka lilikuwa fupi. Siku kumi nyuma nyambizi mpya ilikuwa ikijaribiwa kuzama katika ghuba ya Gareloch. Ilikuwa dubwana la futi mia tatu na arobaini, likienda kwa mvuke kama meli za juu, ndiyo maana mabaharia waliliita Birika. Lilikuwa na mabomba mawili ya moshi ya kulaza, na juu ya chumba cha boila matundu manne ya hewa ambayo mtu mnene angepita bila kukwaruzwa. Kabla ya kuzama vyote lazima vifungwe. Siku ile chumba cha uongozi kiliamuru kufunga, kwa bomba la sauti, lenye kifilimbi kila mwisho. Filimbi ikajibu kwamba tayari. Wakazama, na kumbe matundu yalikuwa wazi. Hector Baird, mkuu wa zamu ya boila, alimsukuma Flett nje kisha akaufunga mlango wa chuma yeye akiwa ndani, maji yasiwafuate wengine hamsini na saba. Birika lilipoinuliwa walimkuta Baird amekumbatia gurudumu la kufungia matundu.

Aliyewekwa kwenye bomba la sauti siku ile alikuwa Flett. Basi filimbi ya uongo ilikuwa ya Flett. Jeshi la majini lilikuwa limeshamaliza kufikiri. Mwendesha mashtaka wa wilaya ndiye aliyetaka maelezo yake mwenyewe, kwa kuwa maiti ilipatikana ndani ya wilaya yake, naye akamtuma Leckie.

"Kula kwanza," Leckie akamwambia, akisogeza sahani aliyoileta Sajini Mutch. "Leo umebahatika. Mkate na nyama ya nguruwe."

Mkono wa Flett uliruka. Ulishika mguu wa kitanda, vidole vikagandamiza chuma mpaka kucha zikawa nyeupe. Sahani hakuigusa. Leckie aliliona hilo akaliweka akilini.

Kisha akatoa mfukoni kifilimbi cha shaba, kile kile cha Birika, akakiweka mezani. Akamtaka akipulize, asikie.

"Siwezi, Inspekta."

"Huwezi, au hutaki?"

"Yote mawili."

Uso wa mvuvi ulikuwa umepauka, na jasho lilimtoka katika seli ambayo ndoo ya maji ilikuwa imeganda juu. Leckie alihisi tumaini likimtoka. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi alikuwa ameona watu wengi wakiogopa kisu, chupa ya sumu, kamba, na karibu wote waliogopa kile walichokitumia. Alifunga daftari lake, akatoka.

Koridoni Sajini Mutch alikuwa akichungulia, na alipoiona sahani imerudi nzima alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Umemtajia mvuvi wa Findochty mnyama yule, asubuhi na mapema? Shukuru Mungu mko nchi kavu, mzee. Chomboni angekutupa."

Mutch alikuwa mtu wa Portsoy, pwani ile ile. Akaeleza kwamba kwao mnyama huyo hatajwi baharini, wala mchungaji wa kanisa, wala samaki yule mwekundu anayepanda mito. Ukisikia jina lao limetajwa, unashika chuma baridi upesi kabla balaa halijafika. Leckie akamuuliza, na filimbi je? Hapo Mutch akaacha kucheka. Alisema mluzi unaita upepo. Yeye mwenyewe alichapwa na mama yake akiwa na miaka sita, kwa kupiga mluzi gatini wakati baba yake yuko nje na nyavu. Na baba alipochelewa kurudi siku mbili, mama hakumsemesha.

Leckie aligeuka akarudi ndani. Safari hii alikaa kitandani kando ya mfungwa.

"Flett. Wakikuamuru kwa bomba la sauti, wewe unajibuje?"

Nje treni ya mizigo ilipita, na kioo kikatetemeka.

"Baird amekufa," Leckie akasema. "Hakuna wa kumwadhibu tena."

"Wanaweza kuliadhibu jina lake," Flett akajibu, na ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu akamatwe. Halafu, polepole, kama mtu anayevua kiatu kilichombana, akasema yote. Yeye hapulizi. Hajawahi kupuliza tangu apande Birika. Amri iliyoandikwa ni kwamba chumba cha boila kijibu kwa filimbi, lakini Baird alimwonea huruma akamwacha agonge bomba kwa spana, mara tatu. Maofisa walimuuliza kama alijibu, akasema hakujibu. Hakuna aliyemuuliza kama huwa anajibu vipi. Angesema, wangemwandika marehemu kuwa mzembe aliyevunja amri, naye alikufa akimwokoa Flett.

"Na filimbi waliyoisikia chumba cha uongozi?"

"Hata mimi niliisikia, Inspekta. Ililia kwangu. Nikadhani wanatuharakisha. Nikatega sikio, hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa bado tunazungusha. Halafu maji."

Leckie alifungua daftari lake tena. Alijua bomba lile linavyofanya kazi, walimwonyesha: ukipuliza mdomo wa huku, kifilimbi cha kule ndicho kinacholia. Anayepuliza hasikii chake. Kama filimbi ililia chumba cha boila na ikalia chumba cha uongozi kwa wakati mmoja, basi pumzi haikutoka huku wala kule. Ilitoka katikati.

Saa tatu na robo alikuwa gatini, upepo hakuna, ghuba imetulia mpaka milima inajitazama majini. Birika lilifungwa pale, jeusi, refu kuliko gati lenyewe. Leckie alikuwa mtoto wa mchunga kondoo wa milimani, na utotoni aliwahi kufunikwa na theluji kibandani siku nzima na usiku kucha. Tangu hapo hakuwahi kulala na mlango uliofungwa. Kabla ya kulikaribia dude lile alitafuta kwanza ngazi ya kutokea.

Kwanza alipita chumba cha wagonjwa, alikolala Penrose, baharia ambaye kwa kawaida ndiye husikiliza bomba katika chumba cha uongozi. Surua ilikuwa imemlaza tangu kabla ya ajali. Penrose alishangaa kusikia habari za filimbi. Joe Flett kupuliza? Joe hugonga, ngo-ngo-ngo, mimi na watu wa boila tunajua. Lakini siku ile alikaa mgeni badala yake, na mgeni alijua tu yaliyoandikwa kitabuni.

Kisha akaomba mchoro wa mabomba. Ulikuwa karatasi ya bluu, pana kama shuka, na ilimchukua dakika kumi kufuata mstari mmoja kwa kidole. Pale palipo na ujia mwembamba unaopita ubavuni mwa chumba cha boila, ule unaowawezesha watu kwenda nyuma bila kuungua, mstari ulitoa tawi dogo. Mdomo wa tatu.

Leckie alikuwa na mtu wake tayari. Ormiston, mwakilishi wa kiwanda kilichounda Birika, alikuwa amempigia kelele mara mbili tangu ajali, na popote alipokuwa alishika saa mkononi. Jeshi lilikataa kulipokea dude lile mpaka lizame ndani ya dakika tano, na mara mbili lilikuwa limeshindwa. Nani mwingine angeharakisha filimbi? Lakini Kamanda Hallowes, nahodha wa Birika, alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Ormiston alikuwa nyuma ya shingo yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, ananipumulia tumbaku. Natamani ningesema vinginevyo."

"Nani alikuwa ujiani?"

Nahodha akaweka kidole kwenye ujia ule mchoroni. Alikuwa Luteni Crombie, fundi mkuu. Mtu mpole, msomi, aliyelia hadharani kwenye mazishi ya Baird. Gurudumu la kufungia matundu lilikuwa kazi ya akili yake mwenyewe. Alikuwa ameapa mbele ya tume iliyochunguza ajali kwamba linafunga matundu yote kwa sekunde ishirini.

"Nawe umewahi kulipima?" Leckie akauliza.

"Yeye ndiye fundi," Hallowes akasema, na sauti yake ikafifia hapo hapo.

Saa nne Birika lilipaswa kuzamishwa tena, kwa amri ya wakubwa, na Crombie angekaa ujiani kama siku ile. Leckie akamweleza nahodha anachotaka. Filimbi ilie kutoka chumba cha boila, mapema, sekunde ya ishirini kamili. Nahodha afungue maji ya tangi la mbele tu, kidogo, pua iiname na kelele isikike, lakini Birika lisizame. Kisha wasubiri. Anayeamini kwamba sekunde ishirini zinatosha atatulia. Anayejua kuwa hazitoshi hataweza kutulia, maana naye yumo ndani. Hallowes aliyasikiliza hayo akitazama maji. Mwisho akakubali, akasema hatamwambia mtu.

Leckie alikusudia kukaa chumba cha uongozi, karibu na ngazi. Kazi ya kupuliza ilikuwa ya Tulloch, mkuu mpya wa zamu ya boila, mwenye mvi na meno mawili. Tulloch alisikiliza maagizo yote kwa heshima, kisha akakunja mikono.

"Mimi ni mtu wa Lerwick, bwana polisi."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba sipulizi. Hata Mfalme aje kuniomba. Kuzungusha gurudumu nitazungusha mpaka mkono ung'oke. Filimbi, tafuta mwingine."

Leckie alimtazama msaidizi wa Tulloch. Naye wa Buckie. Nusu ya watu wa boila walitoka kwenye mashua za uvuvi. Kuongeza mtu mwingine kwenye siri hakuthubutu. Saa yake ilisema saa nne kasoro dakika nne. Basi akapiga moyo konde, akashuka mwenyewe.

Chumba cha boila kilikuwa tanuri lililozimwa punde. Hewa ilikuwa nzito kwa mafuta, na kuta zilitoa jasho. Karibu na mdomo wa bomba la sauti rangi ilikuwa imebanduka katika vishimo vidogo vingi, mahali spana ya Flett ilipogonga kwa miezi. Leckie aligusa vile vishimo. Mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake, na komeo likashuka. Mkono wake ulienda kwenye komeo lile, akaurudisha mfukoni usionekane. Tulloch aliuona hata hivyo, akageuza uso kwa adabu.

Filimbi ikalia. Sauti ya nahodha ikaja, nyembamba na ya mbali: "Fungeni, tunazama."

Tulloch na mwenzake wakaanza kuzungusha. Leckie akashika saa. Juu yake matundu manne yalionyesha anga ya kijivu, na vifuniko vilishuka kwa uvivu wa kobe. Sekunde ya kumi, havijafika nusu. Ya kumi na tano. Tulloch alikuwa akihema, na gurudumu lililia kwa kutaka mafuta. Ya ishirini: anga bado ilionekana, upana wa mkono. Leckie akaweka midomo kwenye bomba akapuliza.

Mara chuma chote kikanguruma. Hewa ilitoka matangini kwa mvumo wa kuziba masikio, na sakafu ikainama mbele. Walikubaliana iiname kidogo. Hii haikuwa kidogo. Spana ilibiringika kutoka pembeni ikaenda kugonga ukuta wa mbele. Leckie alijishikiza kwa mikono miwili, na katika mikunjo ya ubongo wake wazo moja likasimama: yeye hamjui Hallowes. Amezungumza naye nusu saa tu. Kama nahodha ndiye alishirikiana na fundi wake, basi yeye Leckie amejipeleka mwenyewe kaburini, tena akiwa amepiga filimbi ya mazishi.

Maji yakamwagika kutoka juu, mkupuo mmoja, baridi kama kisu, yakamwingia kwenye ukosi. Msaidizi wa Tulloch alianza kusali kwa sauti. Tulloch hakuacha gurudumu.

"Zungusha," alikuwa akisema, si kwa mtu yeyote. "Zungusha, zungusha."

Leckie alitaka kupiga kelele kwenye bomba, kuwaambia waache, imetosha, na mtego uende zake. Aliinamisha kichwa, akakaribisha mdomo. Lakini sauti ilikuwa imeshafika kabla yake. Ilitoka ndani ya bomba, karibu mno na sikio lake, sauti ya mtu aliyekuwa akilia.

"Acheni kuzama. Kwa ajili ya Mungu, Kamanda, acha. Hayajafungika. Hayawezi kufungika kwa sekunde ishirini. Yanataka dakika nzima. Pandisha juu, watu wamo humo."

Mvumo ukakatika. Sakafu ikarudi sawa, taratibu, na juu ya kichwa cha Leckie ule upenyo wa anga ukaendelea kupungua mpaka ukafungwa kabisa. Alitazama saa. Sekunde sitini na mbili.

Walimkuta Crombie ujiani, amekaa chini, kizibo cha mdomo wa tatu kinaning'inia kwenye mnyororo wake. Hakuuliza walichojia. Alisema ni yeye aliyepuliza siku ile. Majaribio mawili yalikuwa yameshindwa kwa sababu ya gurudumu lake, na la tatu lingemwaibisha mbele ya jeshi zima. Alihesabu kwamba maji yangechukua nusu dakika na zaidi kufika kwenye matundu, na kufikia hapo Baird angekuwa amemaliza kufunga. Alikosea hesabu kwa sekunde kumi na moja. Baadaye, waliposema ni Flett, alinyamaza, na kila siku aliyonyamaza iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi.

"Ungeweza kunyamaza na leo," Leckie akamwambia.

"Mlikuwa watatu mle ndani," Crombie akasema. "Nilijua mlikuwa watatu."

Nahodha Hallowes aliandika taarifa yake kwa mkono wake mwenyewe, na baharia wa chumba cha uongozi, aliyeisikia sauti ile kwenye bomba neno kwa neno, akatia sahihi chini. Hallowes aliomba radhi kwa habari ya tangi la mbele. Vali ilikwama, alisema, na kwa muda hakuwa na uhakika kama itafunga. Alilisema hilo akitazama pembeni, naye Leckie hakutaka kujua zaidi.

Saa saba na nusu alikuwa Helensburgh. Walinzi wa Rosyth walikuwa wameshafika, wamesimama mlangoni na pingu zao, na Sajini Mutch akawapa chai na kuwasomea taarifa ya nahodha polepole, ili wasikose kufurahia safari ya bure. Leckie aliingia seli peke yake. Nguo zake zilikuwa bado na maji. Alimwambia Flett kwamba yu huru, na kwamba jina la Baird limeandikwa kama linavyostahili, mtu aliyefunga mlango.

Flett alifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Alipotulia hakushukuru. Aliuliza ilikuwaje, na Leckie akamsimulia, akifupisha pale palipomtia aibu. Mvuvi alisikiliza mpaka mwisho.

"Tulloch ni wa Lerwick," akasema. "Hawezi kupuliza. Nani alipiga filimbi leo?"

"Mimi."

Dirisha lilitikisika. Ghuba iliyokuwa kioo asubuhi ilikuwa imeanza kuvunjika vipande vyeupe, na mlango wa nje wa kituo ukajifungua wenyewe, ukajibamiza. Flett aligeuka akausikiliza upepo ule. Kisha akauchukua mkono wa Inspekta, akaushusha taratibu, akaubandika kwenye mguu wa kitanda.

"Shika chuma," akasema.

Leckie alikuwa mzee wa kanisa, na mtu wa milimani, na hakuwahi kuamini mambo hayo. Akashika.